Namba Iliyoufungua Mkono wa Mama

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja ya ukungu, katika chumba cha tiba ya umeme hospitalini, watu wamejaa kwenye mabenchi hadi nje. Mwanangu Abedi alikuwa amelala mgongoni kwangu. Mama yangu mzazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, mkanda wa mpira umembana kichwani, na Bwana Mkuu wa Kituo amesimama pembeni ya mashine.

"Ongeza," akaniambia.

"Imetosha, Bwana Mkuu."

Akanyoosha mkono akazungusha swichi mwenyewe.

"Zaina," mama akaniita, "meno yanawasha. Naona mwanga mwanga machoni."

Bwana Mkuu akainama, akamwambia kwa upole kabisa, "Vumilia, mama. Nchi nzima inavumilia."

"Basi vumilia wewe!" nikasema. Sikusema, nilipiga kelele, na Abedi akaamka akalia. Hata katika hasira ile niliirudisha swichi polepole mpaka sifuri, kwa sababu umeme wa kichwani ukikatwa ghafla humshtua mgonjwa. Halafu nikachomoa waya, nikauviringisha, nikautia mfukoni mwa gauni langu la kazi. "Kaa wewe kwenye hiki kiti. Ukiniambia unaumwa nini, nitakuunganishia."

Kisha Mzee Kaniki, ambaye kichwa kilimuuma tangu enzi za ukoloni, akauliza kutoka kwenye benchi, "Na sisi je, sista? Mimi nimetoka Mlola kwa miguu."

Baadaye walisema nilipandwa na wazimu wa uzazi. Wazimu wa uzazi naujua, nimewauguza wenye nao. Ile ilikuwa hasira. Lakini hasira yenyewe haieleweki bila kueleza kazi ile ilifanywaje, na ninyi mnaokuja kuifanya mnapaswa kujua, kwa hiyo naanza mwanzo.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika zahanati moja karibu na Soni, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kiatu kipya kinanibana. Bwana Mganga wa pale alinikabidhi sufuria ya kuchemshia sindano na hakunipa kiti. Sindano hazikutupwa. Zilichemshwa, zikanolewa kwenye jiwe zikishakuwa butu, zikachemshwa tena. Siku za soko akina mama walikuja na vikapu vya kabichi na karoti vichwani, wakavitua mlangoni, wakapanga foleni.

Nilichojifunza pale kabla ya kitu kingine chochote ni kwamba watu wetu wa milimani humpima mganga kwa maumivu. Ukimpa mtu kidonge, anakigeuza geuza kiganjani na kukuangalia. Ukimchoma sindano akaruka, anakushukuru. Siku moja niliwahi kunoa vizuri, bibi mmoja akachomwa bila kusikia kitu. Alivuta gauni lake, akasimama.

"Onga makeo, binti yangu," akanisalimia upya kwa Kishambaa kama vile ndiyo kwanza amefika. "Sasa nichome."

"Shikamoo, bibi. Nimeshakuchoma."

"Hujanichoma. Umenitia maji. Mimi mtu mzima, nachomwa tangu hujazaliwa."

Bwana Mganga alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia maneno niliyoyashika miaka yote: "Dozi ni dozi, Zaina. Kidogo haiponyi, nyingi inaua, na kazi yako iko hapo katikati."

Nikapelekwa Kwamkoro, upande wa pili wa milima, kwenye chai na misitu, ambako wachuma chai walikuja na homa na vidonda vya miguu. Mganga Msimamizi wa huko alikuwa mkali, akipima dawa kwenye mizani hadi anakunja uso. Yeye naye alinifundisha hayohayo. Kwa hiyo nilipohamishwa tena, kwenda hospitali moja ya huku Lushoto ambayo jina lake silitaji, nilikuwa nabeba kichwani picha moja ya dawa zote duniani: ni kama kupanda njia ya jabali la Irente. Kila hatua inakupandisha, mpaka ufike ukingoni, na ukizidisha hapo unaanguka. Picha nzuri. Nilikuwa na uhakika nayo. Umeme wa kichwani ndio ulioiharibu, na mpaka leo sijapata nyingine ya kuweka mahali pake.

Mashine aliileta Daktari Mgeni, aliyetoka ng'ambo kwa mkataba miaka michache baada ya uhuru. Ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa redio ya betri, chenye swichi ya kuzungusha iliyoandikwa sifuri mpaka kumi. Watu waliposikia kwamba anatia umeme kichwani walikimbia. Walidhani ni ule umeme mkubwa wa hospitali za vichaa, unaomtikisa mgonjwa mpaka anapoteza fahamu. Daktari Mgeni aliwaita akina mama wa jikoni, akajifunga mwenyewe vibati vya chuma kichwani mbele yao, akawasha, akaendelea kunywa chai.

"Ule mkubwa unavunja mlango," alieleza kwa Kiswahili chake cha kuokota okota. "Huu unabisha hodi tu. Kama ndani kuna mtu, labda atajibu."

"Na asipojibu?" Sista wa Wodi akamuuliza. Huyu alikuwa mkubwa wangu, mwanamke wa makamo, mnyoofu kama ufagio mpya.

"Asipojibu, sijui kama hayupo au amelala."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vibati viwili vya chuma vilifungwa ndani ya sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi, kwa sababu umeme haupiti vizuri kwenye ngozi kavu. Sponji ikikauka, umeme wote unajikusanya mahali padogo na kuunguza. Baridi ya huku ilitulazimu kupasha yale maji moto, la sivyo mgonjwa anaruka kabla hata hujawasha. Kichwa kilioshwa kwanza kwa sabuni. Wanawake wetu hupaka mafuta ya nyonyo, na mafuta yanazuia umeme, kwa hiyo mtu mwenye nywele zilizopakwa vizuri unaweza kumwekea namba tatu ikamfikia kama moja. Kibati kimoja kilikaa juu ya sikio, upande ulio kinyume na mkono uliopooza, kwa kuwa ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia. Kingine kilikaa kwenye paji la uso. Unapandisha polepole, unamwacha mgonjwa akae kimya muda wa kunywa kikombe cha chai bila haraka, unashusha polepole. Kwa namba mbili wengi walisikia mwasho mdogo wa mwanzo, kisha hawakusikia kitu.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwenye kutosikia kitu. Watu walitoka mbali, wakapanda mlima, wakaketi, wakafunguliwa mkanda, halafu wakauliza, "Mnaanza saa ngapi?"

Daktari Mgeni alikuwa na desturi moja iliyonisumbua. Siku nyingine alifunga kila kitu sawasawa na hakuwasha. Alisema lazima ajue ni umeme unaoponya au ni kukaa kwenye kiti na kushughulikiwa na watu. Mzee Kaniki aliwekewa hivyo, kisanduku kimezimwa. Akafumba macho, akatabasamu.

"Leo umeme ni mtamu," akasema. "Unaingia kama uji."

Na kichwa kikamwacha, wiki nzima! Alipowekewa namba mbili kweli, hakusema kitu na kichwa hakikubadilika. Alipopandishiwa nne, alilala usingizi mzuri. Mama mmoja wa Soni aliyekosa usingizi alipata usingizi kwa namba moja, akaukosa tena kwa namba tatu. Kijana mwenye mguu uliopooza hakupata lolote kwa namba yoyote. Namba ileile, vichwa tofauti, majibu tofauti. Hilo ningelielewa. Lakini hata kichwa kilekile, namba ileile, siku mbili tofauti, kilijibu tofauti.

Nilimuuliza, "Daktari, si ukiongeza dawa inaongezeka nguvu?"

"Mimi pia nilifikiri hivyo nyumbani," akasema. "Sasa naona ukiongeza, wakati mwingine inafanya zaidi, wakati mwingine inafanya kinyume. Mfupa wa kichwa unene wake tofauti. Mtu amelala vizuri au hakulala, tofauti. Sijui, Zaina. Andika kwamba sijui."

Sijawahi kumsikia mkubwa mwingine yeyote akisema hivyo. Mkataba wake ukaisha, akaondoka, mashine ikabaki.

Ndipo tukaletewa Bwana Mkuu wa Kituo, kijana wetu, msomi wetu. Nisiseme uongo kwa sababu nina hasira. Alikuwa mtu wa kazi. Bomba la maji la wodi ya wazazi ni yeye aliyelipigania. Kulipozuka kuhara alilala sakafuni na sisi. Hakuvaa tai, alituita wote ndugu, na alibeba mawe na wanakijiji siku za kujitolea. Ni mtu mzuri aliyeshika swichi asiyoijua, na mimi mpaka leo sijui nimkasirikie kiasi gani.

Hizo zilikuwa siku za kuhimizana. Kila kijiji, kila shamba, kila ofisi iliulizwa imeongeza nini. Wa chai waliongeza chai, wa mahindi wakaongeza mahindi. Sisi wa hospitali tuliitwa kwenye kikao, na Bwana Mkuu akapita kitengo kimoja kimoja. Alipofika kwetu akashika kiuno.

"Ndugu zangu, kitengo cha umeme kina mashine yenye namba kumi. Kinatumia mbili. Hivi ndugu mkulima ana jembe, analima kwa ncha tu? Huo ni uvivu wa mitambo."

Watu wakapiga makofi. Sista wa Wodi akasimama. "Bwana Mkuu, namba si ekari."

"Sista, wewe umezoea ya wageni. Mgeni alitupimia kidogo kwa sababu alituona sisi wadogo."

Nani angejibu hilo, siku zile? Nilijiuliza labda ni kweli. Alikuwa mwoga yule Daktari Mgeni, au alikuwa mwangalifu? Ukimtazama mtu kwa nje hivyo viwili vinafanana.

Namba zikapanda, na hapa mtashangaa kama nilivyoshangaa: wagonjwa walifurahi. Walitoka chumbani wamekunja sura, wanasugua paji la uso, wanasema, "Sasa tumeanza kutibiwa!" Mabenchi yakajaa. Yule bibi wa sindano angekuwepo angetoa mbuzi.

Sasa niseme habari za mama yangu. Mama ni mfinyanzi. Huku kwetu vyungu hufinyangwa na wanawake, binti huupokea ufundi kwa mama yake, na mama aliupokea kwa bibi. Hatumii gurudumu. Anazunguka yeye, ameinama, kidole gumba cha kulia ndani ya chungu na vidole vingine nje, anaupandisha udongo. Alipopata kiharusi, mkono wa kulia ulijikunja kifuani kama mguu wa kuku. Hakuulizia kutembea. Aliulizia kidole gumba.

Sista wa Wodi alimwanzishia namba mbili, kabla ya kile kikao. Nyumbani nilimpa donge la udongo alikande kila siku, na Abedi alipozaliwa nilimlaza mapajani pake ili amshike. Siku baada ya siku kidole gumba kikaanza kusogea. Je, ni umeme? Ni udongo? Ni mjukuu? Mnaotaka jibu, sina. Najua tu kwamba alibonyeza donge likabaki na alama, akanionyesha, akasema, "Hongea, mwanangu," yaani asante, na hakuongeza neno.

Mimi nilikuwa kwenye likizo ya uzazi zamu yake ya kupandishiwa namba ilipofika. Mama alikwenda na jirani. Siku moja akarudi mkono umefunguka wote, vidole vyote vitano, vimenyooka! Alishika kikombe. Alinishika shavu. Nililia. Nikasema moyoni, basi Bwana Mkuu ana haki, tulikuwa tunamnyima mama yangu mkono wake kwa uoga wa mgeni.

Haukudumu. Baada ya mara chache nyingine vidole vilianza kurudi ndani, kimoja baada ya kingine. Usingizi ukampotea. Akawa anaumwa kichwa asubuhi, na kwenye paji la uso palikuwa na doa jekundu la sponji iliyokauka, maana foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyekuwa akilowesha tena. Donge la udongo likawa linamponyoka.

Nilirudi kazini, Abedi mgongoni. Nikamwendea Bwana Mkuu ofisini.

"Shikamoo, Bwana Mkuu. Mkono wa mama yangu umerudi nyuma."

"Marahaba, Mama Abedi. Basi tutaongeza."

"Ulirudi nyuma baada ya kuongezwa."

"Ulifunguka baada ya kuongezwa," akasema. "Umesahau? Ulikuja hapa kunishukuru."

Ni kweli, nilikuja. Nikamuuliza, "Siku ile ulipofunguka, ilikuwa namba ngapi?"

Akafikiri. Ninamkumbuka akifikiri kweli. "Nne," akasema. "Au sita. Tulikuwa tunapandisha."

Nikaenda kwa Sista wa Wodi nikimlaumu kwamba amemwacha mama aharibiwe. Akaniangalia kwa uchovu. "Zaina, sikatai kwamba mkono umerudi nyuma. Nakataa kwamba tunajua kwa nini. Kiharusi chenyewe hupanda na kushuka. Wewe unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Basi tuko watatu, wewe, mimi na Bwana Mkuu."

Siku iliyofuata Bwana Mkuu alikuja mwenyewe chumbani kuongeza, na hayo nimeshawaeleza.

Kilichonimaliza si yeye, ni mama. Tulipofika nyumbani nilitegemea anishike mkono. Aliketi karibu na vyungu vyake vya zamani, akanipa mgongo.

"Umenitia aibu mbele za watu."

"Mama, walikuwa wanakuumiza."

"Nilisema nimechoka? Nilisema meno yanawasha. Kuwasha ni kuwasha." Akageuka. "Wewe umesoma, Zaina. Mkono huu ulifunguka. Mimi niliuona, wewe uliuona. Kuna namba iliyoufungua. Naitaka hiyo."

"Hakuna anayeijua."

"Mlikuwa mmesimama pale na mashine yenu, nyote mmevaa nyeupe, na hakuna anayeijua?"

Nikamweleza habari za mifupa ya kichwa, za mafuta ya nywele, za Mzee Kaniki na kisanduku kilichozimwa. Nilimweleza kwamba huenda hata hiyo namba ikirudiwa isifungue tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake mzima ukiushikilia ule mwingine.

"Kwa nini hamkuniambia hivyo siku ya kwanza?" akauliza. "Ningekuja tu. Lakini ningekuja nikijua."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na Bwana Mkuu juu ya umeme mwingi, na kumbe sina hakika kwamba umeme mwingi ndio kosa. Labda mdogo ungemrudisha polepole. Labda mdogo haukufanya kitu. Nimekaa na jambo hili wiki nyingi, nanyonyesha, napika, nafua, na kila nikilishika upande mmoja linaponyokea upande mwingine. Kitu kimoja tu ndicho kisichoponyoka: mama aliuliza swali, na alikuwa na haki ya kuliuliza kabla ya mkanda kufungwa.

Wenzangu watastaafu na mvi. Mimi nimestaafishwa na mtoto mgongoni, "kwa mapumziko", nikaambiwa nitarudi nikiomba radhi. Waya niliurudisha siku ileile, asije mtu akasema nimeiba mali ya umma. Radhi sijaomba. Kama kuna kijana anayesoma haya na kesho anakabidhiwa swichi ya namna yoyote, ya umeme au ya dawa au ya watu, namwambia hivi: utaulizwa kwa nini hutumii namba zote. Usiseme unaogopa. Sema hujui bado, na useme kwa sauti, maana wenye uhakika wana sauti kubwa.

Badala ya radhi, niliwasilisha haya kwa Kamati ya Wafanyakazi, na nakala ofisi ya afya ya mkoa. Nimeyanakili kama yalivyo.

*Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wafanyakazi.*

*YAH: MALALAMIKO JUU YA KUPANDISHWA KWA NAMBA ZA UMEME WA KICHWANI*

*Ndugu Mwenyekiti,*

*Mimi ni muuguzi msaidizi wa kitengo cha umeme, na ni binti wa mgonjwa. Nalalamika kwa nafasi zote mbili.*

*Silalamiki kwamba namba kubwa ni mbaya. Sijui kama ni mbaya. Nalalamika kwamba ilipandishwa kwa sababu mashine ina namba nyingi, na si kwa sababu mgonjwa alihitaji.*

*Nalalamika kwamba sponji ziliachwa zikauke na watu wakaungua, na kuungua kukahesabiwa kuwa ni nguvu ya tiba.*

*Nalalamika kwamba mgonjwa hakuambiwa namba yake ilipobadilishwa, wala kwamba tiba hii huweza kusaidia, kutosaidia, au kurudisha nyuma, na kwamba kuongeza si lazima kuzidishe faida.*

*Naomba namba zisiwekwe tena katika malengo ya kituo. Naomba kila mgonjwa aambiwe anawekewa kiasi gani, naye akubali au akatae kabla ya kuwashwa.*

*Mwisho, mama yangu anauliza ni kiasi gani kilichoufungua mkono wake. Naomba ajibiwe. Kama hakuna anayejua, naomba mmoja wa wakubwa afike nyumbani kwake, aketi chini, na amwambie hivyo kwa mdomo wake mwenyewe.*

*Wenu katika kazi,*
*Zaina, Mama Abedi.*